Sketi Juu ya Nguo ya Mbio

Matiti yangu yalifika mapema kuliko akili yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimo darasa la sita, na tayari nilibeba kifuani mzigo ambao mama zangu wadogo hawakuwa nao. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mbio. Nilikimbia kwenda ziwani na beseni la vyombo, nilikimbia kurudi, nikitumwa chumvi nilikimbia, na mtu akiniuliza nani ananifukuza nilicheka tu. Ukapita mwaka mmoja, kukimbia kukawa maumivu. Nasema maumivu, sisemi aibu. Aibu ilikuwepo pia, lakini watu wakisimulia habari hizi hupenda kushikilia aibu, utadhani mwili wenyewe hauna mishipa. Mimi iliniuma. Iliniuma chini ya matiti, ikaniuma mabegani, na zaidi pale pembeni karibu na kwapa, ambapo kila hatua ilivuta ngozi.

Sekondari tulikuwa na saa ya mazoezi ya mwili kila Alhamisi. Wasichana wenye vifua tulikimbia mikono tumeikunja mbele, na mwalimu akasema tunakimbia kama watu walioiba watoto wa wenyewe. Darasa zima likacheka. Mimi nami nilicheka, na hicho ndicho ninachojilaumu hadi leo, kwamba nilicheka kwa sauti kuliko wengine ili nisionekane nimeumia.

Jioni ile nilimwendea mama. Mama ni fundi wa nguo, na kwa miaka yote hiyo cherehani yake ya miguu imekaa barazani kwetu mtaa wa Kilibula, Uvira, imegeukia njia. Wengi wa wanawake wa mtaa wamewahi kuvaa kitu alichoshona, kwa sababu yeye ndiye hupewa kazi ya iniforme. Kwetu, jambo lolote likikutanisha wanawake zaidi ya wawili, lazima kitenge cha aina moja kikatwe na kila mmoja ashonewe chake: harusi, kilio, sikukuu ya wanawake, padri mpya akija, padri wa zamani akiondoka. Nilidhani mtu aliyepima vifua vya mji mzima hawezi kushindwa na changu.

“Ma,” nikamwambia, “unishoneeko kitu cha kushika kifua. Nikikimbia kinaniuma.”

Hakuinua macho. “Kuko vita?”

“Hapana.”

“Sasa unakimbia nini?”

Akanishonea blauzi kubwa, pana kama gunia la muhogo, ya kuficha. Haikushika kitu. Mwezi uliofuata nikaanza kumwambia mwalimu kwamba ninaumwa tumbo kila Alhamisi, naye akakubali bila kuuliza, na mbio zangu zikaishia hapo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Kilichobaki kwangu ni ziwa. Majini kifua hakina uzito, na mwanamke anayefua nguo ufukweni akiingia mpaka shingoni na kitenge chake hakuna anayemuuliza anaenda wapi. Nilijifunza kuogelea mbali nikiwa nimejifunga kitenge hivyohivyo, na nilipoolewa, nilipopata kazi ya kufundisha shule ya msingi, nilipozaa watoto wawili, bado nilikuwa nakwenda na sabuni yangu na ndoo ya nguo kama kisingizio. Nguo zenyewe mara nyingi zilikuwa safi.

Ndipo zikaja habari za mashindano. Vijana wa chama kimoja cha michezo walitangaza triatloni, neno ambalo mjini kwetu lilimchosha kila mtu ulimi, kisha wakaeleza: unaogelea ziwani, unatoka majini unapanda baiskeli hadi Nyakabere na kurudi, unashuka unakimbia hadi mwisho, yote kwa mfululizo bila kupumzika. Wanawake nao waliruhusiwa. Ilikuwa ni mwaka wa utulivu kidogo, barabara ya kaskazini ilikuwa inapitika, na watu walikuwa na hamu ya jambo lolote lisilo la mazishi. Nilijiandikisha siku ya kwanza. Kuogelea najua, baiskeli nilipanda kila siku kwenda kazini, na kukimbia nilikuwa na deni langu la zamani. Nilichokosa ni nguo tu.

Watu hawaelewi kwamba nguo ndiyo mashindano yenyewe. Mwanamume anavua shati, kazi imekwisha. Mimi nilihitaji kitu kimoja cha kuvaa kuanzia majini mpaka mwisho, maana hakuna mahali pa kubadilisha, kitu kinachoshika kifua nikikimbia, kisichonivuta chini nikiogelea, na kisichonichubua mapaja kwenye kiti cha baiskeli. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi Uvira. Kinaletwa na mitumba kwa bahati, kimekunjwa katikati ya mapazia na magauni ya watoto.

Nilikuwa na rafiki aliyeuza mitumba sokoni, mwanamke wa milimani, mcheshi, mdomo hauna mlango. Kila alipofungua balo jipya, lile robota la nguo, asubuhi nilikuwa wa kwanza kuinama. Siku moja akanyanyua kitu cheusi cha kunyumbuka, kina zipu mbele, hakina mikono.

“Na hii? Iko ya kulala ao iko ya kuogopesha bwana?”

“Nipatie.”

“Weye! Hii iko sawa ngozi ya mamba. Utaingiaka wapi mule?”

Niliingia. Nilikijaribu nyuma ya turubai lake, nikarukaruka mara kumi huku yeye akihesabu na kucheka hadi machozi. Kuruka huko ndicho kipimo pekee cha kweli, na ninamwambia kila mwanamke: usiitazame nguo ya mbio kwenye kioo, ruka. Ile nguo ilibana vizuri kiunoni na mapajani, ila kifuani ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mtu asiye na kifua. Basi nikatafuta sidiria. Nilipekua nyingi. Nilijifunza kwamba mikanda ya mabegani inadanganya, kwamba uzito wote hubebwa na ule mkanda unaozunguka mbavu chini ya matiti, na kwamba kama vidole vyangu viwili vinaingia pale vizuri na vitatu haviingii, hiyo ni nguo ya kufikiria. Nilijifunza kwamba vishikizo vya chuma mgongoni vinakwaruza, na kwamba pamba ikinywa maji haiyaachii. Nikapata mbili za kunyumbuka, moja imelegea, moja imebana, nikaamua kuzifumua zote mbili na kuzishonea ndani ya kile cheusi.

Nilimwomba mama anishonee. Nilikuwa mtu mzima, nina mume, nina watoto, nikamwekea kile kitu kwenye meza ya cherehani. Akakishika kwa ncha za vidole.

“Minye sishonake uchi.”

“Haiko uchi, Ma. Inafika mu magoti.”

“Inafika mu magoti lakini iko inasema kila kitu. Weye uko mama ya batoto, uko mwalimu. Bantu batasema nini?”

“Batasema niliogelea.”

Akakirudisha kwangu na kugeukia kitenge chake. Kwa hiyo nilishona mwenyewe, siku za Jumatano mchana akienda kwenye mkutano wa kamati ya wamama wa parokia, kwenye cherehani yake, kwa mishono iliyopinda ambayo angeona haya kuiangalia. Kosa langu la kwanza lilikuwa sponji. Nilikata kipande cha godoro nikakishonea sehemu ya kukalia, kwa ajili ya kiti cha baiskeli. Nilipotoka ziwani siku ya majaribio ile sponji ilikuwa imekunywa nusu ya Tanganyika, na nilipopanda baiskeli ikaanza kunikamukia maji njia nzima mpaka Kavimvira. Wazee waliokaa barazani walinitazama kwa huruma wakidhani nimeshindwa kujizuia. Nikatoa sponji, nikaweka tabaka mbili za kolan ya zamani, suruali yangu ya kubana, ikatosha. Kosa la pili lilikuwa mawese. Nilisikia kwamba mafuta yanazuia mshono usichubue, na nyumbani yalikuwepo mawese, basi nikapaka kwapani na mapajani. Sikuchubuka. Nilirudi nyumbani na madoa mekundu ambayo mume wangu aliyaangalia kwa muda mrefu kabla ya kuuliza chochote. Baada ya hapo nilitumia vazelini.

Miezi mitatu nilikwenda hivyo, nafumua, nashona, najaribu. Mwisho nilipata nguo ambayo ningeweza kuogelea nayo na kuendesha nayo baiskeli, na kukimbia nayo hadi kwenye daraja lililo katikati ya njia ya mbio kabla kifua hakijaanza kuuma. Kutoka darajani na kuendelea kiliuma. Pale pembeni karibu na kwapa, palepale pa tangu utoto. Nilijaribu kila njia pakanishinda, nikasema basi, nitauma meno kutoka darajani hadi mwisho. Nilitaka tu kumaliza. Nilitaka, mara moja tangu nina miaka kumi na mitano, kukimbia mbele za watu na kufika ninakokwenda.

Wanawake waliojiandikisha tulikuwa saba. Saba ni zaidi ya wawili, kwa hiyo wiki mbili kabla ya siku yenyewe kamati ya wamama wa parokia ilikutana na kuamua kwamba tutakatiwa iniforme. Mwenyekiti wa kamati ni mama yangu. Walichagua kitenge cha buluu chenye samaki wa njano, kwa sababu ya ziwa, na wakaona wamefanya jambo la akili sana. Blauzi ya mikono mifupi na sketi. Sisi saba tulikwenda kuwaona kwenye ukumbi wa parokia, na mimi nikapewa kusema kwa sababu mwenyekiti ni wangu.

“Bamama, aksanti kwa kikwembe. Lakini kikwembe kikiingia mu maji kinakuwa mawe. Mutatuzamisha.”

“Bibi zenu baliogaka na nini?” akauliza mmoja.

“Balioga. Habakushindana.”

Kelele zikawa nyingi. Mama akapiga meza mara moja. Akasema iniforme itavaliwa wakati wa kuandamana kutoka kanisani hadi ufukweni na wakati wa sala, na baada ya sala kila mtu atabaki na nguo yake anayoijua. Sote tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi, maana sikumbuki siku nyingine mama alipochukua upande wangu mbele ya watu.

Kwa sababu ya hilo nikawa mjinga. Siku moja kabla ya mashindano, mchana, alikuja kwangu akasema, “Letako ile nguo yako nyeusi nikufulie, niipige pasi.” Nguo ya kunyumbuka haipigwi pasi, inayeyuka. Kila fundi anajua, na yeye ni fundi. Lakini sikuwaza hivyo. Niliwaza tu kwamba mama yangu anataka kuishika ile nguo aliyoishika kwa ncha za vidole. Nikampa, na nikamshukuru kwa mikono miwili.

Asubuhi tuliandamana na samaki wetu wa njano, tukaimba, padri akatuombea tusizame. Wamama wakashika vitenge vikubwa kuzunguka mahali fulani ufukweni, wakatutengenezea ukuta wa kuvulia. Mama akanipa mfuko wangu kupitia juu ya ukuta ule. Nikaingiza mkono ndani, nikatoa kile cheusi changu, na pamoja nacho kikatoka kitenge.

Alikuwa amekishonea sketi. Sketi nzima, pana, ya buluu na samaki, inayoshuka kupita magoti, na hakuishonea kiunoni ambako ningeing'oa kwa mikono. Aliishonea juu, chini ya matiti, ndani ya ule mkanda wenyewe unaobeba kila kitu, mishono miwili ya karibukaribu kuzunguka mwili mzima. Kuing'oa ilikuwa ni kuung'oa mkanda.

“Ma! Hii iko nini?”

“Nimekuongezeako kidogo,” sauti yake ikasema kutoka nje ya ukuta. “Ile ilikuwa inakosa chini.”

“Ulisema kila muntu na nguo yake!”

“Na hiyo iko yako.”

Niliomba wembe. Nikaomba mkasi, kisu, kipande cha chupa. Wamama walioshika ukuta walitazama pembeni. Wenzangu sita walikuwa wanatoka, mmoja na kaptura ya mpira, mwingine na kolan na singilendi, wote wananiangalia kwa ile huruma inayofurahi kwamba si wao. Nje kijana alikuwa tayari na filimbi. Ningeweza kusema siendi. Ningeweza kuogelea na nguo za ndani nilizovaa chini ya iniforme, mji ukasema utakavyosema kwa miaka kumi. Nilivaa. Niliona imenikaza kifuani kuliko siku nyingine, nikadhani ni ile sketi, na hasira ilikuwa imenijaa kiasi kwamba sikufikiria zaidi.

Majini sketi ilipanda kwanza, ikanifunika mgongo, kisha ikalowa maji ikashuka na kunishika miguu. Niliogelea kwa mikono peke yake. Mimi niliyekuwa nawaacha wote mazoezini nilitoka ziwani wa sita kati ya saba, na wa saba alikuwa amemeza maji akabebwa na mtumbwi. Ufukweni watu walipiga makofi. Wamama walipiga vigelegele kwa samaki wao. Nilikamua sketi, nikaikunja nikaichomeka kwenye mapaja, nikapanda baiskeli.

Kwenda nilikwenda vizuri. Milima kushoto, tambarare kulia, upepo wa asubuhi bado laini, nikawapita wawili. Pale Nyakabere palikuwa na kijana wa chama cha michezo na kiti chake, nikamzunguka, nikageuza. Nilikuwa wa nne. Nilikuwa nimeanza kuimba moyoni. Kidogo baada ya hapo sketi ilijifumua mapajani, ikaning'inia kulia, mnyororo ukaimeza. Nilikwenda chini na baiskeli juu yangu. Mnyororo ulikatika, na samaki watatu wa njano walikuwa wameingia ndani kabisa ya meno ya gia.

Mwanamke aliyekuwa akilima muhogo kando ya barabara ndiye aliyenikatia ile sketi, kwa panga lake. Alipitisha ncha taratibu kuzunguka, karibu na mapaja, akiacha kipande kifupi juu.

“Nani alikuvalisha hivi ku kinga?” akauliza, akionyesha baiskeli.

“Mama yangu.”

Akatikisa kichwa, akanisaidia kusimamisha baiskeli. Haikuwa na mnyororo, haikuendeshwa. Sheria ilisema usifike bila baiskeli yako. Basi nikaisukuma huku nakimbia. Nilikimbia barabara yote ile kutoka karibu na Nyakabere hadi mjini, mikono kwenye usukani, jua likipanda, nikimtukana mama yangu kwa kila tusi ninalolijua na mengine niliyoyatunga njiani. Nilikimbia zaidi ya walivyokimbia wote siku ile. Nilipofika, meza ya kuandikia muda ilikuwa imeshaondolewa na kijana wa filimbi alikuwa akikunja kamba. Akaniambia kwa upole kwamba muda wa baiskeli ulikwisha zamani, siwezi kuanza kukimbia. Nikamwambia nimekwisha kukimbia. Akasema haihesabiki.

Wamama walikuwa kwenye viti vyao chini ya turubai. Mama alinyanyuka aliponiona, akaangalia sketi iliyokatwa, akaangalia goti langu lenye damu. Alisema, “Na kile kipande kingine kiko wapi?” Nilikwenda nyumbani.

Siku ya tatu nilikaa na wembe kuifumua ile nguo. Nilikusudia kutoa mabaki ya kitenge na kuichoma moto iliyobaki, nasema wazi kwamba nilikuwa na hasira ya kuchoma vitu. Nilipoigeuza ndani nje nikakuta mishono si yangu. Yangu ilikuwa imefumuliwa yote. Mkanda wa chini ulikuwa wa tabaka mbili, umewekwa lastiki pana ambayo sikuinunua mimi. Mikanda ya mabega ilikuwa imepanuliwa na kupishanishwa mgongoni. Kila mshono uliogusa ngozi ulikuwa umegeuzwa nje, umelazwa, umebanwa ili usichubue. Na pale pembeni karibu na kwapa, pande zote mbili, palikuwa na kipande kidogo cha nailoni chenye umbo la jani, kimeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, kinashika sehemu ile na kuizuia isivutwe.

Niliacha wembe. Nilikuwa nimesukuma baiskeli nikikimbia kutoka karibu na Nyakabere hadi Uvira, na kifua changu hakikuuma hata mara moja. Kwa hasira sikuwa nimekumbuka hata kukisikiliza. Na pale pembeni sikuwahi kumwonyesha mtu. Wala yeye.

Nilimkuta barazani, kwenye cherehani. Nikaiweka ile nguo juu ya kazi yake, imegeuzwa ndani nje.

“Ma, ulijua namna gani pale inaniumaka?”

“Weye ulitoka mu tumbo ya nani?”

Akaisukuma pembeni, akapangusa meza kwa kiganja.

“Ile siku tulitoka Kiringye, wakati ya vita,” akasema, “nilikuwa na weye mu mugongo. Nilikuwa ninakunyonyesha, kifua kimejaa. Tulikimbia na hii barabara mpaka huku. Siku ya kwanza kifua kiliniuma kupita miguu. Asubuhi nikapasua kikwembe, nikajifunga hivi, na hivi, na huku pembeni nikaingiza kitambaa.” Alionyesha kwa mikono yake, akajikumbatia na kupishanisha, haraka, bila kutafuta, akijigusa palepale.

“Basi ulijua. Tangu zamani ulijua.”

“Nilijua.”

“Na minye nilikuomba. Nikiwa mu sekondari. Nilisimama hapa hapa nikakuomba.”

“Uliniomba.”

“Sasa juu ya nini haukunishonea?”

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kitu ambacho kila mtu anakijua.

“Ningekushonea, ungekimbia. Na kwangu minye, kukimbia iko vita.”

Akainama, akakata uzi kwa meno, cherehani ikaanza tena. Alikuwa na blauzi tisa za kwaya za kumaliza kabla ya Jumapili. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia, akanipa mikono miwili ya blauzi na sindano ili nimpindie. Nikakaa kwenye kigoda, nikaipinda.